Siku Nyeupe

Jikoni, kambini
Jumatano, baada ya chai ya saa nne

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za wote waliobaki huku. Mimi sijambo, mgongo ni ule ule, lakini mikono ingali inashika mwiko. Mama hajambo, wasichana wa jikoni hawajambo. Nawe natumaini hujambo, hasa tumbo, maana kila ninayekutana naye njiani hilo ndilo analoulizia kwanza, kabla hata ya kuniuliza mimi nimeamkaje. Nawajibu kwamba sijui, umezima simu. Ningekuwa wewe nami ningezima.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa yule kinyozi unayejificha kwake. Aliitoa mfukoni huku akitazama pembeni, kama mtu aliyetumwa kuposa na tayari anajua jibu. Nimeisoma mara mbili. Umeandika mengi, ila ukiyachekecha yanabaki mawili. Kwanza unataka kujua niliweka nini kwenye chakula chako. Pili, unataka kabla kamati haijakaa Ijumaa niende kwa kocha nikaseme maharagwe yalikuwa yamechacha, kwamba kosa ni la jikoni, ili uhesabiwe kuwa mtu aliyeugua na si mtu aliyeshindwa. Unajua kwamba wawili wa kwanza kwenye mchujo wa mbio ndefu wanasafiri moja kwa moja na wa tatu huteuliwa na kamati, na kamati ina ruhusa ya kumfikiria mgonjwa. Umesema bila nafasi hiyo umekwisha, kwa umri wako hakuna mchujo mwingine utakaokungoja. Umesema mimi ni dada yako, nani mwingine atakusimamia.

Nitakujibu yote mawili. Lakini nitaanza ninapotaka mimi, kwa kuwa kalamu iko kwangu.

Wewe huwaambia watu wako wanaokutazama simuni kwamba uliyagundua haya mambo ya chakula kisichopita kiwandani ukiwa peke yako, kwa kuhangaika kwako. Hukugundua kitu. Ulikikuta mezani. Ulipokuwa bado unavaa kaptula za shule zilizotoboka makalioni, mimi nilikuwa nje ya lango la bohari na jiko moja na sufuria iliyopinda kitako, nikiwauzia wapakiaji viazi vya kuchemsha na mayai. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa natazama tu. Mpakiaji aliyefungua kinywa kwa soda na biskuti, kufika adhuhuri alikuwa ameegemea gurudumu la lori anatafuta kivuli. Aliyekula viazi na maganda yake, maharagwe na mayai mawili, alikuwa bado anapandisha magunia na matusi yake yote yako kamili. Nikaacha kuuza biskuti. Siku moja gari la kocha liliharibika pale, akakaa akiwatazama wale wanaume, kisha akauliza ni nani anayewalisha. Ndivyo nilivyoingia kambini. Nawe uliingia nyuma yangu, gunia la mkaa kichwani, mbio mbio, kwa sababu nilikuwa nimekutisha kwamba moto ukizima kabla hujafika utaona. Kocha akauliza, na huyu je? Hiyo ndiyo habari yako tangu mwanzo. Sijakusikia ukiisimulia hata mara moja.

Sheria ya jiko langu unaijua. Kinachoingia sufuriani, ukikitazama lazima ujue kilikuwa nini shambani. Nafaka isiyokobolewa, maharagwe yaliyolala majini, viazi na ngozi yake, karanga tunazosaga wenyewe, mayai, maziwa, ndizi, mboga za majani, samaki akipatikana. Soseji hapana, unga wa kopo hapana, juisi ya rangi hapana. Yule mchuuzi wa vipakiti vya nguvu nilimtimua mpaka akasahau kofia yake, na mlinzi anaivaa mpaka leo.

Na siku mbili za mwisho kabla ya mbio ndefu, sheria inageuka. Hilo pia unalijua, maana umelila kila mwaka. Maharagwe yanapumzika, mboga zinapumzika, maganda yanakwenda kwa kuku. Kinachopikwa ni mchele uliokobolewa, viazi vilivyomenywa, mkate mweupe na asali, chumvi kidogo. Ninyi mkaziita siku nyeupe, mkatania kwamba mpishi anawalisha kama wagonjwa waliotolewa kidole tumbo. Sikuwahi kuwaeleza sababu, na wenzako hawakuuliza kwa kuwa walikuwa wakishiba na kushinda. Wewe ulikuwa na sababu zako kichwani. Ulidhani mpishi amechoka kuchambua maharagwe.

Halafu ukanunua ile simu kubwa. Wenzako wakakuita Mhubiri, nawe ukalipenda jina, hukusikia kicheko kilichokuwa ndani yake. Ukawa unasimama nyuma ya masufuria yangu, umevaa aproni yangu, umeshika mwiko wangu, unawaambia watu kwamba umeamka kabla ya jogoo kupika. Msichana mmoja alicheka mpaka akamwaga maziwa. Mimi nikasema ni ujana, utapita kama chunusi.

Haukupita. Ukafika kwa baba. Ukakaa mbele ya simu, ukashusha sauti kama mtu aliye msibani, ukasema baba yetu aliuawa na meza ya nyumbani. Ukasema mama yetu alimlisha mkate mweupe na chai ya sukari mpaka ugonjwa ukamchukua miguu, kisha ukamchukua mwenyewe. Ukamalizia kwamba umemsamehe, kwa kuwa hakusoma. Wewe ulikuwa mdogo, hukujua kwamba mama alikuwa akimfungia baba viazi na maharagwe kila zamu ya usiku, na chombo kikirudi asubuhi hakijafunguliwa, kwa kuwa baba alipenda mkate wa dukani na alikuwa mbishi kama wewe. Ungeuliza ungeambiwa. Lakini kuuliza si kazi ya mhubiri.

Mama aliyasikia hayo akiwa kwenye foleni ya zahanati. Simu ilikuwa ya mwanamke aliyekaa nyuma yake, ambaye hakujua kwamba huyo anayesamehewa ndiye aliyekaa mbele yake. Mwanamke yule akaguna, akasema kuna wake wengine ni wauaji tu. Mama akageuka, akamwambia ndiyo, wapo. Kisha akaendelea kungoja zamu yake ya kupimwa goti. Haya nilisimuliwa na muuguzi. Mama mwenyewe hajaniambia hata leo.

Kutoka hapo ikawa zamu yangu. Uliingia stoo kwangu mimi nikiwa sokoni, ukaukuta mchele, magunia mawili, ukaupiga teke mbele ya simu. Ukawaambia watu wako wauone kwa macho yao, chakula kilichokufa, tena ndani ya kambi, tena kinapikwa na dada wa tumbo moja. Wale wafadhili wanaoipa kambi viatu wakampigia mwenyekiti wa kamati, mtu ambaye hajawahi kukimbia hata kuikimbia mvua isimkute. Kamati ikakaa bila kuniita. Ilipotoka, wewe ulikuwa msimamizi wa lishe na mimi nilikuwa mtu wa kusubiri maelekezo. Ukaja jikoni, ukanyoosha mkono, ukataka ufunguo wa stoo, ule niliokuwa nauvaa shingoni. Nikauvua mbele ya wasichana niliowafundisha kushika kisu. Ukaniambia, dada, wewe pika tu, kufikiri niachie mimi. Ukacheka, ukanitazama ukitaka nami nicheke. Nikacheka.

Ratiba yako uliibandika mlangoni. Kocha alikuwa ameshatangulia kwenda kuikagua njia ya mbio, kwa hiyo amri ilikuwa yako peke yako. Hakuna cheupe mpaka siku ya mchujo. Uji wa nafaka na pumba zake, tena pumba za ziada juu yake, maharagwe asubuhi na jioni, viazi na maganda, kabichi mbichi. Niliisoma nikiwa nimesimama mbele yako. Ukaniuliza kama nina swali. Nikakwambia sina.

Ya barabarani unayajua kuliko mimi, lakini nitayaandika kama nilivyoyapokea, ili ujue watu wanasimulia nini. Mpaka kilomita ya ishirini na tano ulikuwa mbele, unapungia kamera. Ya ishirini na nane mkono ukawa umeshika ubavu. Ya thelathini na moja mwenzako Kobe alikupita, na Kobe anaapa kwamba alikusikia kabla hajakuona. Ukaacha njia, ukaingia nyuma ya lile bango la kutangaza bima. Tatizo la bango lile ni kwamba halikufika chini. Ukatoka, ukajikaza kisabuni, ukakimbia kipande kidogo, na mbele ya meza ya maji hukuwahi hata kutafuta bango. Mtu mmoja alikuwa na simu. Wanasema video ile imetazamwa kuliko mahubiri yako yote ukiyajumlisha. Nilijumlisha. Ni kweli, na imebaki nyingine ya kukopesha.

Sitakudanganya kwamba sikuifurahia. Niliifurahia mara ya kwanza. Mara ya pili niliizima kabla haijaisha.

Sasa swali lako. Niliweka nini? Sikuweka kitu. Nilikupikia ulichoandika, kwa kipimo ulichoandika, na maharagwe yalikuwa mazima, yameiva, hayana hata jiwe. Ganda, pumba na maharagwe ni chakula cha kujenga mwili, ndiyo maana nakipika mwaka mzima. Lakini kinataka muda. Kinavuta maji, kinavimba, kinakaa. Mtu akiwa kwenye mbio ndefu, damu yake yote inahamia miguuni, na tumbo linabaki kama ofisi saa ya chakula cha mchana, milango wazi na hakuna wa kukuhudumia. Ulichokiingiza hakisagwi, kinatikiswa tu, na kikichoka kutikiswa kinatafuta njia. Kwa hiyo siku mbili za mwisho mtu anapewa kile kinachopita haraka na kuacha nguvu nyuma yake, asimame kwenye mstari wa kuanzia akiwa mwepesi. Hiyo ndiyo maana ya siku nyeupe. Miaka yote uliyoshinda, ulishinda tumbo likiwa limesafishwa na mchele ule ule ulioupiga teke, kisha ukaenda kuwahubiria watu kwamba ni maharagwe ya jana yake.

Ningeweza kukuambia haya kwa pumzi moja. Nafasi nilikuwa nayo. Jioni ya mwisho ulirudi na sahani tupu, ukasema dada leo umepatia, ukaomba nyongeza. Nikakujazia. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, nikakuuliza kama nikuongezee na pumba. Ukasema ongeza. Nikaongeza.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliona, kwa kuwa ulikuwa unajipiga picha. Kati ya wakimbiaji, sufuria ile uliila peke yako. Wenzako tisa walipokuambia wamekwisha kula mapema, walikuwa wametoka chumbani kwangu, nyuma ya jengo la kufulia. Walikaa sakafuni na juu ya kitanda changu, wakala mchele na viazi vilivyomenywa, nilivyovinunua mwenyewe na kuvipika kwenye jiko langu dogo, siku zote mbili. Kobe ni mtu mwema, aliuliza kama tukuite. Mrefu akasema Mhubiri asisumbuliwe akiwa ibadani. Wakacheka midomo imejaa. Nami nikawaambia kwamba atakayekwenda kukuita asirudi, ahamie sufuria yako. Niliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyeinuka.

Umeniomba pia, kwenye mstari wa mwisho, nisimwambie mama mambo haya, kwamba yatamuumiza. Umechelewa. Mama alikuja kambini siku ile ya kwanza ya siku nyeupe, na wewe ulidhani amekuja kukuona ukikimbia, ukamkumbatia mbele ya simu yako, akakaa tuli ukamaliza. Jioni alivuta kigoda chumbani kwangu, akaweka beseni katikati ya miguu, akaomba kisu. Viazi vyote walivyokula wenzako vilimenywa na mama. Alipofika katikati ya gunia akaniuliza anamenya vya watu wangapi. Nikamwambia tisa. Mama anajua kambi ina wakimbiaji kumi, amewahi kuwafumia soksi wote. Akaniuliza, na yule mwingine? Nikamwambia yule mwingine ana sufuria yake. Akainama, akachukua kiazi kingine.

Kwa hiyo usiniandikie tena ukiniuliza ni nani aliyekufanyia hivi. Tulikuwa kumi na mmoja, na hakuna aliyekufanyia kitu. Tulikuacha tu ufikiri.

Na ombi lako la pili. Kocha alikuja jikoni Jumatatu, amekasirika, anataka kujua kama nimewaharibia watu mchujo. Nilimwambia kweli tupu. Maharagwe yalikuwa mazuri, mimi mwenyewe nilikula bakuli zima, mlinzi akala na kofia yake kichwani, na sote tunatembea. Kuhusu wale tisa pia sikumficha kitu. Alisimama mlangoni muda mrefu anaisoma ratiba yako, kisha akaibandua, akaikunja, akaitia jikoni kwenye moto. Hakunisifu, usidhani. Aliniambia kwamba mimi ni mwanamke mbaya. Nikamwambia nimesikia, je, chai anywe na maziwa au kavu. Akanywa ya maziwa.

Kamati haikungoja Ijumaa. Imekaa jana asubuhi, na safari hii waliniita. Mwenyekiti aliniuliza kama kuna lolote la kusema kwa niaba ya ndugu yangu, kalamu zimesimama. Ningeweza kusema lile uliloniomba. Lilikuwa fupi, na wangeliamini, maana mpishi anayejitia hatiani hakuna wa kumbishia. Nikasema sina la kuongeza. Wamemteua Mrefu. Wanasafiri Kobe, yule kijana mkimya wa chumba cha mwisho, na Mrefu. Jina lako halikusomwa hata kwenye orodha ya akiba.

Walipomaliza hilo, kocha akasema mahali wanakokwenda timu inaruhusiwa kufika na mpishi wake, na kwamba yeye hataki mpishi mwema, anataka anayejua. Kwa hiyo nafasi ya kupanda ndege katika familia yetu haikupotea. Tunaondoka Jumapili na nitakuwa huko mwezi mzima.

Hapo ndipo nina shida, na ndiyo sababu hasa ya kuharakisha barua hii. Goti la mama limevimba tena. Ndoo haibebi, ngazi za zahanati hazipandi bila mtu wa kumshika mkono, na usiku anahitaji wa kumkanda kwa maji ya moto. Siwezi kumwachia jirani kwa mwezi mzima. Nimewaza ni nani, na katika ukoo wetu asiye na safari wala mazoezi ni wewe. Nimemweleza mama. Amesema uje. Nilimuuliza kama ana ujumbe wa kukuambia kabla hujafika, akasema hana, ila nikuombe ukiwa naye usimweleze chochote kuhusu chakula, wala kuhusu baba, wala usimwombe radhi, kwa kuwa ukianza utalia naye atalazimika kukubembeleza, na hana nguvu hizo. Mpikie anachoagiza. Mkande goti. Jumanne umpeleke zahanati. Watu wa kwenye foleni watakutambua, jikaze ukae nao.

Fika kwa mama Jumamosi kabla ya saa kumi, nikuonyeshe dawa ipi ni ya asubuhi na ipi ni ya usiku. Kinyozi mpe salamu na shukrani zangu kwa kukuhifadhi. Wasichana wa jikoni wanakusalimu, na Kobe anakusalimu, ameniomba kabisa nisisahau. Mama anakusalimu.

Mungu akuongoze njiani, na uvae sweta, huku baridi imeanza.

Ni mimi,
Dada yako